Maji Ndani ya Injini



Kijana mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, maji yakijaa katika silinda injini huharibika. Mbona ziko motokaa zinazonyweshwa maji ili ziongeze nguvu?" Swali lake ni zuri, nami nalijibu hapa, kwa sababu wako hata watu wazima wanaotoa fedha zao kununua vyombo vya kuifanya motokaa iende kwa maji badala ya petroli. Maji hayaungui. Ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, na kuyachoma tena ni kama kuchoma jivu.

Basi yana kazi gani? Tutazame kwanza turbo. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Katika mtaimbo huo huo liko gurudumu la pili, nalo hushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Lakini hewa iliyoshindiliwa hupata joto. Yeyote aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli ameona jinsi pampu inavyochemka. Joto likipita kiasi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla haijafikiwa na moto wa plagi. Hapo injini hugonga kama nyundo ndogo, na ikiachwa hivyo pistoni hupasuka au kutoboka.

Dawa yake ni kunyunyiza maji kama ukungu katika hewa inayoingia. Mnajua kwa nini maji ya mtungi ni baridi: yale yanayopenya nje hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda. Kilo moja ya maji, ili igeuke mvuke, huchukua joto zaidi ya mara tano ya lile linalochukuliwa na kilo moja ya petroli. Kijana wetu hakukosea, maana maji mengi hayashindiliki, nayo hupinda mkono wa pistoni. Ukungu ni kidogo tu, tena hutiwa wakati injini inapofanya kazi nzito.

Katika Vita Kuu ya Pili ndege za Marekani za P-47 zilitumia maji yaliyochanganywa na spiriti, kwa dakika chache za hatari. Mwaka 1962 ikatoka motokaa ya Oldsmobile Jetfire, yenye silinda 8, lita 3.5 na nguvu za farasi 215. Chupa yake ilitiwa maji safi nusu na methanoli nusu. (Methanoli ni sumu, hupofusha macho, msiichezee.) Wenye magari wengi hawakujali kuijaza. Chupa ikikauka, kifaa maalumu kilipunguza kazi ya turbo ili injini isife, na motokaa ikawa nzito. Wakanung'unika! Ilikoma kutengenezwa mwaka 1963, na mwaka 1965 kampuni ikakubali kuwaondolea turbo na kuwatilia kabureta ya kawaida.

Mwaka 2016 BMW waliirudia kazi hiyo katika M4 GTS, yenye nguvu za farasi 500. Tangi lake la lita 5 liko nyuma, penye mizigo, nalo hutiwa maji matupu. Yakiisha, kompyuta hupunguza nguvu mpaka dereva ajaze tena.