Pumu ya Ngozi: Istilahi na Ishara za Seli za Kinga

1. Utangulizi
Mji wa Voi una ukame na vumbi, na katika Taita Taveta mkonge hulimwa kwa wingi, hasa Mwatate. Katika mazingira haya, mtoto akijikuna huweza kusemekana ana upele, ukurutu au mzio bila kubagua. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba istilahi *pumu ya ngozi* inaukaribia zaidi ukweli wa kisayansi.

Upele husababishwa na utitiri unaochimba ngozi, nao huambukiza. Utomvu wa mkonge nao una fuwele zenye ncha kama sindano, ambazo humchoma mkataji hata asipokuwa na mzio. Pumu ya ngozi haiambukizi. Chanzo chake ni ngozi dhaifu na mawasiliano yaliyopotoka baina ya seli za kinga.

2. Mawasiliano ya seli
Ngozi ikikauka na kupata nyufa, vumbi na chavua hupenya. Seli za tabaka la juu hutoa protini za tahadhari, mojawapo ikiwa interlukini-33. Seli za dendriti hupeleka habari hadi kwenye tezi za limfu, ambako seli T saidizi za aina ya pili huamshwa. Hizi hutoa interlukini-4, 13 na 31. Mbili za kwanza huzichochea seli B kutengeneza kingamwili ya IgE, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960, na pia hudhoofisha ngozi yenyewe. Ya tatu husisimua neva, mtu akawashwa. Kujikuna huongeza nyufa, na mzunguko huanza upya.

3. Hoja ya istilahi
Interlukini-4 na 13 hushiriki vilevile katika aina nyingi za pumu ya mapafu. Dawa ya dupilumab, ambayo huzuia ishara hizo mbili, iliidhinishwa Marekani kwa maradhi ya ngozi mwaka 2017 na kwa pumu mwaka 2018. Jina moja, basi, limebeba uhusiano wa kweli, ingawa si kila mwenye pumu ya ngozi hupata pumu ya mapafu.

Aidha, neno *wekundu*, linalotafsiriwa kutoka vitabu vya kigeni, hupotosha. Katika ngozi nyeusi, ugonjwa huu mara nyingi huonekana kama mabaka ya kijivu, ya zambarau au meusi zaidi, au vipele vidogo. Mzazi wa Voi aliyeambiwa atazame wekundu huenda asiuone, naye mtoto akachelewa kutibiwa.

4. Hitimisho
Anayedhani ugonjwa huu ni uchafu humsugua mtoto kwa sabuni kali na kumtenga na wenzake. Sabuni hiyo huzidi kuikausha ngozi, ilhali ngozi hiyo huhitaji mafuta ya kuilainisha kila siku na ushauri wa daktari. Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili, basi, kuchagua istilahi inayomwongoza mzazi kwenye tiba.