Namba Yako Ndiyo Anwani Yako: Kupatikana kwa Simu Wakati Huna Makazi ya Kudumu

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji asiye na makazi ya kudumu ataweza kuilinda namba yake ya simu, na jirani yake ataelewa namna ya kumsaidia apatikane.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Ubungo ni lango la Dar es Salaam. Mabasi ya mikoani, ambayo zamani yaliishia Ubungo penyewe, sasa hufika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021. Miongoni mwa abiria wamo wanaokuja kutafuta riziki bila kuwa na mwenyeji. Hulala vibarazani, sokoni au katika majengo ambayo hayajakamilika. Mchana hupakua mizigo Mabibo au kufanya vibarua vya ujenzi Kimara na Goba, wakidunduliza kodi ambayo wenye nyumba wengi huitaka ya miezi kadhaa kwa mkupuo.

Mtu wa namna hii hana mlango wa kupigiwa hodi. Msimamizi wa ujenzi au dalali wa vyumba humtafuta kwa simu tu. Asipompata, humpigia anayefuata. Kwa hiyo kupoteza namba ni kupoteza nafasi ambazo mwenyewe hatajua kamwe kwamba zilikuwapo.

1. Laini iwe kwa jina lako

Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kwa raia, usajili hutumia Namba ya Utambulisho wa Taifa yenye tarakimu 20, inayotolewa na NIDA. Ukiwa na namba hiyo, huna haja ya kusubiri kadi.

Chukulia kijana amefika mjini, na mtu fulani akamsajilia laini kwa kidole chake mwenyewe. Baada ya miezi miwili simu inaibwa. Simu nyingine hununulika. Lakini kuirudisha namba ile ile humhitaji aliyeisajili, naye amekwisha kuhamia mkoa mwingine. Namba iliyoachwa kwa mafundi na ofisi za ajira imekwenda, pamoja na fedha zilizohifadhiwa katika laini hiyo. Laini ingalikuwa kwa jina lake, kidole chake kingalitosha kuirejesha.

Piga *106# ili kuhakiki jina la usajili na namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, iripoti kwa mtoa huduma ifutwe.

Kama huna namba ya NIDA, anzia ofisi ya serikali ya mtaa unapoishi au kufanya kazi, ukiwa na cheti cha kuzaliwa au hati nyingine uliyo nayo. Eleza hali yako kwa ukweli. Ikiwa mtaa haukufahamu, wasiliana na wazazi au ndugu kule ulikokulia wakusaidie kupata hati zako.

2. Namba iwe hai

Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kugawiwa mteja mwingine. Piga au tuma ujumbe mara kwa mara, hata kama salio ni dogo. Usibadili namba kwa kufuata ofa.

Simu ndogo ya vitufe, maarufu kiswaswadu, hutunza chaji siku nyingi na haiwavutii sana wezi. Kama huwezi kuiwasha kutwa nzima, jiwekee saa maalumu, kwa mfano saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na uwaarifu waajiri. Andika namba muhimu kwenye karatasi, kwani zikiwa ndani ya simu pekee huibwa pamoja nayo.

3. Uwe na mtu wa pili

Chagua mtu mmoja anayepatikana mahali pamoja kila siku: mama lishe, mwenye duka, kiongozi wa dini au ndugu. Mwombe ridhaa kabla ya kutoa namba yake, kisha mkubaliane siku za kupitia kwake kuulizia ujumbe.

Kwa barua, huduma ya Posta Kiganjani ya Shirika la Posta Tanzania hutumia namba ya simu kuwa anwani ya posta. Ulizia katika ofisi ya posta iliyo karibu.

4. Jihadhari na matapeli

Mwenye shida ya kazi ni windo jepesi. Anayekupigia akidai utume kwanza fedha ya fomu, ya sare au ya kushikilia chumba usichokiona, usimtumie. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Namba inayotumika kutapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Lalamiko lolote la huduma lipeleke kwanza kwa mtoa huduma. Lisipotatuliwa, lifikishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi katika jengo la Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma.

Kwa anayesaidia

Ukipokea simu ya mwenzako, andika jina la mpigaji, namba, mahali na saa ya miadi. Usimweleze mpigaji mahali mwenzako anapolala. Hiyo ni siri yake. Mruhusu achaji simu. Usimsajilie laini kwa kidole chako, bali msindikize serikali ya mtaa. Nawe mwajiri, usipompata mtu mara ya kwanza, tuma ujumbe mfupi na umpe muda wa kujibu.

Maswali ya kujipima

1. Laini unayoitumia imesajiliwa kwa jina la nani?
2. Simu yako ikiibwa leo, ni nani atakayepokea ujumbe wako kesho?
3. Je, namba zako muhimu zimeandikwa mahali pengine nje ya simu?