Kujua Wakati wa Kurudi Nyuma: Funzo la Majongi ya Kijapani

Majongi ni mchezo wa watu wanne uliotoka China ukaingia Japani, na Wajapani wakautia sheria zao wenyewe. Huchezwa kwa vipande 136 mfano wa dhumna: aina 34, kila aina vipande vinne. Mchezaji hushika 13. Kwa zamu huokota kimoja na kutupa kimoja, mpaka apate mafungu manne ya vitatu vitatu pamoja na jozi moja.

Mkono uliobakiza kipande kimoja tu huitwa tempai, yaani unangoja. Lakini kungoja hakufanani. Mwenye 4 na 5 angoja 3 au 6, navyo ni vipande vinane. Mwenye 4 na 6 angoja 5 peke yake, vipande vinne tu.

Aliye tempai bila kufunua mafungu yake aweza kutangaza "richi" na kuweka pointi 1,000. Tangu hapo hawezi kubadili mkono. Ukimtupia anachongoja, walipa wewe peke yako, na malipo yaweza kufika 8,000 au kupita, hali kwa kawaida kila mtu huanza na 25,000 tu.

Utajilindaje? Sheria ya furiteni yasema kwamba, ikiwa kimoja cha vipande unavyongoja ulikwisha kukitupa wewe mwenyewe, huwezi kushinda kwa kipande cha mwenzio. Basi aina yo yote aliyoitupa mtangazaji ni salama kabisa kwake. Tena, akiwa ametupa 4, basi 1 na 7 za jamii ile ile hazimpi ushindi wa pande mbili, maana angekuwa anangoja 4 pia. Lakini jihadharini: aweza kushika 6 na 8 akangoja 7. Hatari imepungua, haikwisha.

Wengi, mikono yao ikiwa bado mbali, hutupa salama mara mbili, kisha tamaa ikawashika wakatupa cha hatari. Hao hupoteza yote mawili: mkono umevunjika, na malipo wametoa. Ukiwa nawe u tempai, na mkono wako una thamani, songa mbele. La sivyo, rudi moja kwa moja, hata kwa kuvunja fungu zuri. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Zoezi: Mtangazaji alitupa 6. Mkononi unazo 5, 6 na 9 za jamii hiyo. Utafuata mpango gani? Jibu: kwanza 6, kisha 9, 5 uishike mpaka mwisho.