Somo la Afya: Oksijeni ya Damu na Mashine ya Kupimia Sukari



Wenzetu wengi wenye ugonjwa wa sukari siku hizi hujipima wenyewe kambini kwa mashine ndogo. Unachoma kidole, unagusisha tone la damu kwenye stripu, namba inatokea. Namba hiyo ndiyo inayoamua uchome insulini kiasi gani, ule kwanza, au uende zamu. Basi tuna haki ya kujua inapatikanaje, kama tulivyo na haki ya kuitazama mizani ya chai.

Na tujifunze kwa mizani hiyo hiyo. Ndani ya stripu nyingi mna kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi. Kazi yake ni kuchuma elektroni kutoka kwenye sukari ya damu, kama mchumaji anavyochuma majani. Kemikali nyingine imewekwa humo iwe mchukuzi: hubeba elektroni mpaka kwenye waya, na mashine huhesabu umeme uliofika. Lakini oksijeni iliyomo damuni nayo ni mchukuzi, tena asiyeajiriwa na mtu. Huchukua elektroni na kuondoka nazo, zisifike mizanini.

Karani wa mizani anajua kwamba kila siku vikapu kadhaa hupotea njiani, kwa hiyo ameshaongeza katika hesabu yake. Oksijeni ikizidi, kama kwa mgonjwa anayepewa oksijeni hospitalini, vikapu vingi zaidi hupotea na mashine huandika sukari ndogo kuliko ilivyo. Oksijeni ikipungua, vikapu havipotei, karani bado anaongeza, na mashine huandika sukari kubwa kuliko ilivyo.

Hili la pili ndilo la hatari. Sukari chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, imeshuka mno. Tuseme ndugu ana 3.5 na mashine inaonyesha 4.5. Atajiona mzima, atashika panga au atasimama mbele ya mkanda wa kiwandani, kisha aanguke hapo.

Je, ni nani wa kuangalia? Kwanza, mwenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mgodi au la pamba. Pili, anayepanda mlima mrefu sana: kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Katika mashamba ya chai ya mita 2,000 hivi ni karibu asilimia 80, na mtu mwenye mapafu mazima hana sababu ya kuogopa sana. Tatu, damu iliyovutwa kwa sindano kwenye mshipa wa mkono ina oksijeni chache kuliko ya kidole. Mashine iliyotengenezwa kwa damu ya kidole isipewe hiyo.

Kwetu mashambani kuna jambo kubwa kuliko hayo, nalo ni safura na malaria. Damu ikipungua chembe nyekundu, mashine nyingi hupandisha namba kupita ukweli. Kwa hiyo anayetumia insulini na ana upungufu wa damu amwambie mganga yote mawili, asifiche hata moja.

Ziko stripu zenye kimeng'enya kingine, glukosi dihidrojenesi, ambacho hakijali oksijeni. Lakini aina moja yake ya zamani ilihesabu hata sukari ya maltosi kama glukosi. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitoa onyo baada ya vifo 13 vilivyohusishwa nayo. Hakuna mashine isiyo na kasoro. Hata kanuni ya kimataifa ya 2013 huruhusu tofauti ya asilimia 15: sukari ya kweli ikiwa 10, mashine ikisema 8.5 au 11.5 bado inahesabiwa kuwa sahihi.

Ukitoka jasho baridi, ukitetemeka, moyo ukienda mbio au akili ikivurugika, uamini mwili kuliko namba. Kunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, pumzika dakika 15, upime tena. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Zahanati ya shamba ikibadilisha mashine, mwakilishi wa tawi aulize mambo mawili: stripu ni za kimeng'enya gani, na je, zinafaa kwa mwenye upungufu wa damu? Majibu yamo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Msikubali itupwe.