Redio Moja, Sheria za Nchi Tatu: Maswali kutoka Ngara na Biharamulo

Ukikaa Kabanga au Rusumo jioni ukawa unatafuta stesheni, redio hiyohiyo hukamata Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Kwa kuwa Kihangaza hakiko mbali na Kirundi, wengi huku husikiliza zote na kuelewa. Ndipo maswali yanapoanza.

Ni kosa kusikiliza redio ya nchi jirani?

Si kosa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Ibara ya 30 ndiyo inayoruhusu haki hiyo iwekewe mipaka kwa ajili ya usalama, haki za wengine na maslahi ya umma. Ugomvi mwingi wa vyombo vya habari na serikali uko hapo: maslahi ya umma yanaamuliwa na nani?

Mbona Rwanda wanabana sana maneno?

Mtu mzima wa Ngara hahitaji kusimuliwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, baadhi yao wakiwa wameshiriki mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakajaa kambi ya Benaco. Huko walikotoka, RTLM, redio iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, ilikuwa ikitaja majina ya watu wa kuwindwa. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia vifungo.

Leo kukana mauaji ya kimbari ni jinai Rwanda, kama kukana mauaji ya Wayahudi kulivyo jinai Ujerumani. Hilo naliona lina msingi. Lakini mwaka 2014 matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda yalizuiwa kwa sababu ya filamu ya BBC iliyohoji simulizi rasmi ya mauaji hayo, na hapo kinga imeshageuka kufuli.

Burundi ni habari nyingine. Baada ya jaribio la mapinduzi la Mei 2015, redio binafsi zilishambuliwa na kuharibiwa. Mwaka 2019 BBC ikanyang'anywa leseni.

Ngara yenyewe ilijibu redio kwa redio: mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya kuwa na imani au tumaini.

Na Marekani husema lolote?

Karibu lolote. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu yao wa 1969, uchochezi huadhibiwa pale tu unapolenga kuzua uhalifu papo hapo na unapoelekea kweli kuuzua.

Kwetu je?

Redio hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), magazeti na Idara ya Habari (MAELEZO). Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 magazeti manne yaliyofungiwa, likiwemo MwanaHalisi, yaliruhusiwa tena, na sheria ikarekebishwa 2023. Hata hivyo, siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini.

Nikisambaza uongo kwenye WhatsApp?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa anayechapisha uongo akijua ni uongo na akikusudia kukashifu, kutisha au kupotosha. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. "Nimeforwadi tu" si kinga ya kutegemea.

Redio ikinisingizia?

Andika tarehe, saa na jina la kipindi siku hiyohiyo, kabla hujasahau. Peleka barua kituoni ukidai masahihisho, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, nakala hiyo iambatanishe na malalamiko yako kwa Kamati ya Maudhui ya TCRA. Ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.