Dondoo muhimu: Slaidi za Marp kwa mtindo wako

Unaandaa slaidi za semina Buzuruga kwa Marp, zana inayogeuza maandishi matupu ya Markdown kuwa slaidi? Mtindo wako hukaa kwenye faili moja la CSS.

• Lianze kwa /* @theme ziwa */. Bila mstari huo Marp haiutambui mtindo.
• Ongeza @import 'default'. Kisha badilisha rangi na fonti tu.
• Kwenye VS Code, lisajili faili hilo katika mpangilio wa markdown.marp.themes.
• Juu kabisa ya faili la slaidi, kati ya mistari miwili ya ---, andika marp: true na theme: ziwa.
• Ukumbi una madirisha mengi? Herufi nyeusi juu ya weupe husomeka vizuri zaidi.
• Hifadhi nembo na picha kwenye kompyuta. Bando likiisha, za mtandaoni hazifunguki.
• Unakwenda steshonari kuchapisha? Beba PDF.