Somo: Mashini Inayopiga Kama Moyo

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Unasikia nini? Mshipa unapiga. Kila pigo ni moyo unaosukuma damu. Mtu mzima akipumzika, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika moja. Damu inachukua hewa na chakula mpaka kila sehemu ya mwili, na kuondoa uchafu. Damu ikisimama, mwili unaanza kufa. Ubongo unaharibika kwa dakika chache tu. Figo linavumilia zaidi, lakini si sana.

Figo lililo nje ya mwili

Katika nchi nyingine waganga hutwaa figo la mtu aliyekufa, kwa ruhusa, na kumpa mgonjwa ambaye mafigo yake yameharibika. Pengine mgonjwa huyo yuko mji wa mbali. Figo litaishije njiani?

Njia moja ni baridi. Figo la baridi linatumia hewa na chakula kidogo. Njia nyingine ni baridi pamoja na mashini inayosukuma maji ya dawa ndani ya figo, pigo kwa pigo, kama moyo.

Kazi hii ilianza zamani. Mwaka 1935, huko New York, mganga Mfaransa Alexis Carrel alionyesha pampu ya kioo. Aliyeitengeneza ni Charles Lindbergh, yule aliyevuka bahari peke yake kwa ndege mwaka 1927. Vijidudu havikuweza kuingia ndani yake. Tezi ya shingo ya paka ilikaa hai humo siku 18.

Baadaye Folkert Belzer, mganga wa San Francisco, alijaribu mafigo ya mbwa. Alitumia maji ya damu, lakini mafuta yaliyomo yaliziba mishipa midogo. Basi akayagandisha maji hayo, akayayeyusha, akachuja mafuta. Mwaka 1967 alieleza kwamba mafigo yalihifadhika saa 72. Mwaka 1968 ikatangazwa kwamba figo la mtu lilikaa mashinini saa 17, kisha likafanya kazi ndani ya mgonjwa.

Je, mashini inapita barafu? Waganga wa Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani walipima jambo hili, wakatangaza matokeo mwaka 2009. Kwa watu 336 waliokufa, figo moja la kila mtu liliwekwa mashinini, la pili katika barafu. Mafigo 89 ya barafu yalikawia kuanza kazi. Ya mashini yalikuwa 70.

Nasi tufanye nini?

Katika njia ya kijiji hakuna mashini hiyo. Pampu uliyo nayo ni moyo wa mgonjwa mwenyewe, nao hauwezi kusukuma damu iliyomwagika chini. Kwa hiyo:

1. Mtu akitoka damu, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu. Usifunue kila mara kutazama. Usitie udongo wala majani.

2. Mama akiendelea kutoka damu nyingi baada ya kuzaa, usingoje asubuhi, wala usingoje shauri la wazee. Mchukue sasa.

3. Mwenye kuhara hupoteza maji ya damu, na mafigo yake yanaweza kufa. Katika litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote sawasawa na ukingo. Anyweshwe kidogo kidogo, mara nyingi.

4. Usimtie mgonjwa baridi. Baridi ni kwa figo lililotolewa. Mtu aliye hai afunikwe blanketi.

5. Mganga akiuliza nani atatoa damu, ndugu wasikimbilie nje. Mtu mzima mwenye afya, akipimwa kwanza, hutoa damu bila kudhurika, na mwili wake hutengeneza nyingine.

Wenye elimu kubwa wameshindana miaka mingi kuongeza saa chache kwa figo moja. Wewe usizipoteze saa za ndugu yako kwa mabishano mlangoni.

Maulizo

1. Kwa nini figo huwekwa katika baridi?
2. Belzer aliondoa nini katika maji ya damu, na kwa sababu gani?
3. Mtu akijikata kwa panga, utafanya nini kwanza?
4. Katika nyumba yako, nani yuko tayari kutoa damu?